HEWA YA YAEDA NI MALI YA NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika baraza ya tawi. Tunaichapa yote kwa kuwa wengi waliokosa kuisikiliza wameiomba. — Mhariri)



Ilipotangazwa kwamba mazungumzo ya leo yatahusu wilaya za Mbulu na Hanang, mzee wetu mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: "Huko Mbulu kuna nini kinachotuhusu sisi watu wa visiwani?"

Nitamjibu kwanza kwa jambo la jikoni. Mzee wangu, thomu inayolimwa Tanzania bara kwa wingi hulimwa Mbulu, katika nyanda za juu zenye baridi, na Wairaqw, watu hodari wa jembe. Kwa hivyo huenda chakula ulichokula jana kilikuwa na harufu ya Mbulu, nawe hukujua. Jibu la pili ni refu zaidi, nalo ndilo lililonisimamisha hapa. Yaliyowapata watu wa Mbulu na Hanang juu ya ardhi yao, na juu ya kitu kipya kinachoitwa biashara ya kaboni, ndiyo yaliyokwisha kuanza kutupata sisi. Mwenye busara hunyolewa akiwa amekwisha kumtazama mwenziwe akinyolewa.

Naomba nianze na maana ya maneno, kwani mtu hawezi kutetea haki asiyoielewa. Jua linapoipiga dunia, sehemu ya joto lake hurudi juu. Ziko hewa fulani zinazolizuia joto hilo lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Hewa hizo ndizo zinazoitwa gesi joto, na kubwa yao kwa madhara ni hewa ukaa, inayotoka katika makaa ya mawe, mafuta, gesi, na miti inayochomwa. Mti uliosimama hufanya kinyume chake: huivuta hewa hiyo na kuihifadhi katika shina, mizizi na udongo. Ukifyekwa na kuchomwa, kilichowekwa kwa miaka hamsini hutoka kwa siku moja.

Sasa, nani aliyelifuma blanketi hili? Mtu wa Marekani, kwa hesabu ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, hutoa yapata tani 14 kwa mwaka. Mtanzania, kwa hesabu hiyo hiyo, hutoa kama robo ya tani moja. Sisi hatukulifuma blanketi hili, walakini tumefunikwa nalo sawa na waliolifuma. Na kwa kuwa nyumba zetu ni dhaifu, sisi ndio tunaolia kwanza.

Mfano upo Hanang. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikateremka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku hizo hizo Rais wa Jamhuri ya Muungano alikuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya mabadiliko ya tabianchi, akalazimika kuikatiza safari na kurejea nyumbani. Mtu muungwana hawezi kusema kwamba tope lile lililetwa na moshi wa kiwanda fulani, kwani mlima una sababu zake na mwaka ule ulikuwa wa mvua za El Niño. Lakini wataalamu wa hali ya hewa wanasema kwamba dunia ikizidi joto, hewa hubeba maji mengi zaidi, na mvua nzito huzidi uzito. Basi wakati mataifa yalipokuwa Dubai yakijadili bei ya hewa, Katesh ilikuwa ikizika watu wake.

Ndugu zangu, natazama sasa siasa ya Serikali katika jambo hili. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018. Mwaka 2021 iliandika ahadi mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo mwaka 2030 itapunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35, kulinganisha na kiwango ambacho kingefikiwa lau mambo yangeachwa yaende kama yalivyokuwa yakienda. Ahadi ile inataja umeme, usafiri, taka na misitu. Mimi siilaumu ahadi hiyo, kwani nchi iliyo masikini nayo ina wajibu kwa watoto wake. Ninalouliza ni moja: mzigo huo utabebwa na nani?

Katika nchi yetu sehemu kubwa ya gesi joto haitoki viwandani, kwani viwanda vyenyewe ni vichache. Hutoka katika ardhi: misitu inayofyekwa, mashamba yanayochomwa, kuni na makaa. Maana yake ni kwamba Serikali ikitaka kupunguza, mkono wake utamfikia kwanza yule anayeishi juu ya ardhi hiyo: mkulima, mfugaji, mla asali, na mama anayepika kwa kuni. Basi mtu huyo akiwa na haki yake mkononi, siasa hiyo yaweza kuwa neema kwake. Akiwa hana, itakuwa njia nyingine ya kumwondoa. Na ushahidi wa hali zote mbili uko Mbulu na Hanang.

Tuanze na dhulma. Katika nyanda za Basotu, wilaya ya Hanang, waliishi Wabarabaig, watu wa ng'ombe, waliokuwa wakihama na mifugo yao kwa kufuata majani na maji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, Serikali kwa msaada wa Canada ilianzisha huko mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO. Nia ilikuwa njema: taifa lipate mkate wake, lisiagize ngano kutoka nje. Mashamba yakafika saba, yakachukua yapata eka laki moja, nayo ilikuwa malisho iliyo bora kuliko yote. Trekta zikapita hata juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwa mujibu wa sheria kwamba ardhi ile ilikuwa yao.

Tafakarini maneno hayo. Watu waliozaliwa pale, waliozika baba zao pale, waliambiwa hawana uthibitisho! Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila khabari. Na lile shirika lililowanyang'anya leo halipo tena. Ngano ilipita, shirika likapita, lakini malisho yaliyopinduliwa kwa plau na makaburi yaliyolimwa hayakurudi kama yalivyokuwa.

Sasa tupande hadi bonde la Yaeda katika wilaya ya Mbulu. Huko wanaishi Wahadzabe. Idadi yao yote haizidi sana elfu moja. Hawalimi wala hawafugi, bali huwinda kwa upinde, huchimba mizizi, huchuma matunda ya pori na kula asali. Kwa muda mrefu wakubwa wa serikali, wa kikoloni na wa baadaye, waliwaona kuwa watu wasio na kitu, na ardhi yao kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Jirani mlimaji alifyeka upande huu, jirani mfugaji akaingia upande ule. Mwaka 2007 bonde hilo lilikaribia kukabidhiwa kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu. Kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajitoa.

Wahadzabe walipata somo, nasi tulipate. Mwaka 2011, kwa kusaidiwa na shirika la wananchi liitwalo Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Haikuwa hati ya mtu mmoja anayeweza kuuza kipande chake usiku na kukimbia. Ilikuwa hati ya jamii nzima, juu ya yapata hekta 20,000. Kazi hiyo ya kuzipatia jamii hati za pamoja ndiyo iliyompatia Bwana Edward Loure wa shirika hilo Tuzo ya Goldman mwaka 2016.

Hati ilipokuwa mkononi, ndipo biashara ya kaboni ilipokuja. Nasisitiza mpangilio huo: hati kwanza, biashara baadaye. Kampuni iitwayo Carbon Tanzania ilifunga mkataba na vijiji. Hesabu yake, kwa maneno mepesi, ni hii. Hutazamwa kwanza msitu ungefyekwa kwa kasi gani lau usingelindwa. Kisha wenyeji hujifunga kwa mpango wao wenyewe wa matumizi ya ardhi kwamba hapatafunguliwa mashamba mapya mahali fulani, na vijana wao hulinda pori kwa mshahara, wakiandika kila wanachokiona. Miti iliyosalimika hugeuzwa kuwa hesabu ya tani za hewa ukaa ambayo haikutoka. Kila tani huandikiwa cheti baada ya kukaguliwa, na vyeti huuzwa kwa watu na makampuni ya ng'ambo. Sehemu ya fedha hurudi kijijini, na wenyeji katika mkutano wao huamua: hii ada ya skuli, hii matibabu, hii chakula cha msimu mgumu, hii posho ya walinzi. Baadaye mradi ukapanuliwa kuelekea Ziwa Eyasi.

Sikuja hapa kuipamba biashara hii, kwani ina aibu zake. Anayenunua cheti ng'ambo aweza kuendelea kuvuta moshi wake huku akijiona ametakasika. Bei hupanda na kushuka katika soko ambalo Mhadzabe hana sauti ndani yake. Wala hati haikuwazuia wavamizi wote. Lakini tazameni tofauti! Basotu, mtu asiye na hati alikutana na siasa yenye nia njema, akapoteza kila kitu. Yaeda, mtu mwenye hati alikutana na biashara ya wageni, akakaa mezani akauliza bei.

Mwezi Oktoba 2022 Serikali ilitoa kanuni za kusimamia biashara ya kaboni huko bara, ikazirekebisha mwaka 2023. Lililo haki tuliseme hata likiwa la mpinzani wetu: kanuni zilihitajika. Kabla yake kampuni yoyote iliweza kuingia kijijini na karatasi ya Kiingereza, ikaondoka na saini ya mwenyekiti. Sasa miradi huandikishwa, na kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Tena kanuni hizo, zilipotolewa, zilimpa anayesimamia ardhi fungu lipitalo nusu ya mapato ya miradi ya ardhi.

Lakini someni vizuri, ndugu zangu. Fungu hilo ni la "anayesimamia". Je, anayesimamia ni nani? Ikiwa ardhi ni ya kijiji, ni kijiji. Ikiwa ni hifadhi ya Serikali, ni Serikali. Msitu wa Mlima Hanang, ule ule ulio juu ya vichwa vya watu wa Katesh, ni hifadhi ya Serikali. Kwa hivyo yule aliyepigwa na tope la mlima hana fungu lake la haki katika hewa ya mlima huo. Tena kwa sheria ya bara Rais ndiye mdhamini wa ardhi yote, na aweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Mwezi Februari 2023 yalitangazwa makubaliano ya awali baina ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na kampuni moja ya Dubai juu ya kaboni ya yapata hekta milioni 8 za misitu. Yalikuwa makubaliano ya awali tu. Lakini hekta milioni 8 ni nchi nzima kwa baadhi ya mataifa! Ni wanavijiji wangapi wanaopakana na misitu hiyo walioulizwa rai yao kabla karatasi haijatiwa saini?

Sasa narudi nyumbani, kwa yule mzee wetu aliyeuliza.

Mwezi Aprili 2008 Norway iliahidi Tanzania kroner milioni 500 kwa kazi ya kulinda misitu kwa ajili ya hewa ukaa. Sehemu yake ilifika visiwani kwa jina la HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili ya Jamii, tangu mwaka 2010, ikiendeshwa na shirika la CARE pamoja na Idara ya Misitu. Wengi wenu mnaikumbuka. Shehia, Unguja na Pemba, ziliunda kamati, zikapima mipaka, zikatia saini mikataba ya kusimamia misitu chini ya sheria ya mwaka 1996. Wakata kuni waliacha panga, wachoma makaa walizima matanuri. Waliambiwa hewa itauzwa na fedha zitakuja. Yalitolewa malipo ya majaribio. Kisha mradi ukafikia mwisho wake, na soko lililongojewa halikufika. Watu walitoa wajibu wao, wakabaki na fungu la kukosa. Ahadi ni deni, na deni hilo halijalipwa.

Leo jicho la wanunuzi limegeukia mikoko, kwani matope ya mikoko huhifadhi hewa ukaa kwa wingi mno. Mikoko ya ghuba ya Chwaka na ya pwani za Pemba itakuja kupigiwa hesabu, tena hesabu kubwa. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015. Lakini ahadi iliyoandikwa Umoja wa Mataifa ni moja, kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Basi siku tani za mikoko yetu zitakapoandikwa, zitaandikwa katika daftari la nani? Na shehia iliyoilinda itaonekana katika ukurasa upi?

Liko jambo la pili, nalo liko jikoni. Mwezi Mei 2024 Rais alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, kwa shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Taasisi zinazopikia watu wengi ziliamriwa kuacha kuni na makaa. Ni nani atakayetetea moshi unaowapofua mama zetu na kuwajaza kikohozi? Si mimi. Lakini mtu wa nyanda za juu za Mbulu hupata kutoka katika kuni chakula na joto la usiku. Na huku kwetu mama anaweza kununua makaa ya kupika leo kwa fedha ya leo, akapika kwenye seredani yake. Mtungi wa gesi humdai fedha za siku nyingi kwa mara moja. Amri ya kuzima seredani si kitu ikiwa mtungi haukushushwa bei. Serikali inayotaka kupunguza moshi ianze kwa kupunguza gharama, na adhabu iwe ya mwisho.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano huu mambo matatu, nayaomba yajadiliwe na matawi yetu yote.

Kwanza, haki ya kila shehia juu ya msitu na mikoko yake iandikwe kisheria kabla ya mkataba wowote wa kaboni kutiwa saini. Hati kwanza, biashara baadaye. Ndilo somo la Yaeda.

Pili, kila mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe hadharani mbele ya watu wa shehia, na uwekwe mezani katika Baraza la Wawakilishi, pamoja na bei, muda wake, na fungu la kila mshirika. Asiyeambiwa bei hajauza, ameibiwa.

Tatu, wale waliolinda misitu kwa ahadi za HIMA waelezwe waziwazi kilichotokea. Serikali isiwaendee mara ya pili na ahadi mpya huku ile ya kwanza ingali inadaiwa.

Watu watasema sisi wapinzani tunapinga kila jema. Waambieni hapana. Hatupingi mti usimame, wala hatupingi hewa isafike. Tunapinga mti usimame na mwenyewe aanguke. Mbarabaig wa Basotu alikuwa na ardhi bila karatasi, akaambiwa si yake. Mhadzabe, aliyedhaniwa kuwa mnyonge wa wanyonge wote, alishika karatasi yake kwanza, na leo mgeni akija kutaka hewa ya Yaeda hana budi kukaa chini ya mbuyu wa Mhadzabe na kumsikiliza.

Mzee wangu, hilo ndilo lililoko Mbulu linalotuhusu.